UZI: Sahani ya wafanyakazi ambayo wafanyakazi hawakuitaka (vyombo vya udongo vya Waswidi, 1895 hadi 1937)

Msafiri_wa_Slussen

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nipo Stockholm mwaka wa saba huu, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani kwao. Huku kuna minada ya mitumba ya vyombo, wenyewe wanaiita loppis. Nilianza kwenda kutafuta sufuria tu. Jumamosi moja nikaona chombo cha maua cha kijani, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi kiganja. Maua yake hayakupakwa kwa brashi. Yamechongwa, ukipitisha kidole unayasikia. Bei krona 80, kisa mdomo una ufa. Nikakigeuza. Kitakoni mtu alikuwa ameandika kwa mkono: Gustafsberg, 1911, J. Ekberg.

Tangu siku hiyo nimeshikwa na ugonjwa wa kusoma vitako vya vyombo. Nikialikwa chai kwa watu, nasubiri mwenyeji ageuke nipindue kisosi. Leo nimekuja kuwaambukiza.

Huyo ni Josef Ekberg. Aliingia kiwandani mwaka 1889, mtoto wa miaka 12, na humo humo akatumika mpaka 1945. Gustavsberg ni mji mdogo mashariki ya Stockholm, kisiwani Värmdö, na kiwanda chake cha vyombo kilianza miaka ya 1820. (Hiyo F mnayoiona ni tahajia ya zamani, siku hizi wanaandika kwa V.) Kwa miaka mingi kilikuwa kinaiga Waingereza tu: sahani za Kiingereza, maua ya Kiingereza, mpaka namna ya kuchanganya udongo. Mwaka 1895 wakamchukua mchoraji aliyeishi na kusomea Ufaransa, Gunnar Wennerberg. Baba yake alikuwa mtunzi wa nyimbo na mwanasiasa mashuhuri, wa jina hilo hilo. Mtoto akaamua kuchora magugu.

Nasema magugu kwa makusudi. Aliacha waridi za kwenye vitabu vya mapambo akachukua yale yanayoota yenyewe msituni na kando ya barabara za kwao: konvalj yenye kengele ndogo nyeupe, dandelioni, maua ya mwanzo wa masika. Kazi hizo zikatoka hadharani kwenye Maonyesho ya Stockholm ya 1897, watu wakashangaa kuona mmea wa uani kwao umepandishwa juu ya kauri. Wennerberg alikaa hadi 1908. Baada yake Ekberg ndiye aliyeibeba sanaa ya kiwanda mpaka 1917, na 1917 ndiyo kiini cha uzi huu. Nipeni muda, naingia zamu.

Bila_Picha_Ni_Chai

Jina langu linajieleza.

Msafiri_wa_Slussen

Picha zimekataa kupanda mkuu. Kunywa tu hiyo chai, kikombe nitakuletea.

Mfinyanzi_Mstaafu

Marahaba kijana. Nimefundisha ufinyanzi chuoni miaka mingi, acha nikusaidie hapo kwenye maua "yaliyochongwa", kwa maana wengi watadhani ametumia patasi kwenye kitu kilichokwisha kuiva.

Chombo kinafinyangwa, kinaachwa kikauke nusu, kiwe kama ngozi mbichi ya ng'ombe: hakibonyei, lakini wembe unaingia. Hapo unakimwagia uji wa udongo wenye rangi, tuseme wa buluu hafifu. Ukishika, unaweka uji wa pili juu yake, wa kijani. Kisha unachora mstari wa jani kwa ncha, na pale usipotaka kijani unakwangua. Chini inatokea buluu. Ukikwangua zaidi unafika kwenye udongo wenyewe. Waitaliano wanaiita sgraffito. Ukikosea huna kifutio, na ukichelewa udongo unakauka, mstari unamomonyoka kando kama ukingo wa biskuti. Kwa hiyo hicho chombo cha krona 80 kina saa kadhaa za mtu ambaye mkono wake hautetemeki. Baada ya hapo ndipo kinachomwa, kinavishwa utandu wa kioo, kinachomwa tena.

Swali: ukiangalia ukingo wa jani kwa karibu, uji wa juu una unene? Unapaswa kuona kangazi kadogo.

Msafiri_wa_Slussen

Mwalimu, nimeshuka nacho dirishani sasa hivi. Kangazi kapo! Pembeni ya jani moja mkono uliteleza, kuna mkwaruzo mfupi unaotoka nje ya mstari na hakuna aliyeufuta. Miaka mia na zaidi mkwaruzo upo tu. Nimeupenda kuliko jani.

Tuendelee. Mshindani wa Gustavsberg alikuwa Rörstrand, kiwanda cha 1726, wakati huo kikiwa Stockholm penyewe. Chapa yake taji tatu. Wao miaka hiyo ya 1890 walimchukua mchoraji Alf Wallander, na huyu alikuwa na mambo. Maua hayakumtosha. Anakufinyangia chombo cha kauri, halafu ukingoni anatambaza kaa, au kereng'ende, au mwanamke nywele zimeungana na mawimbi. Rangi zake hafifu sana, waridi ya kuchujuka, kijivu, kijani cha maji. Mimi nilidhani zimepauka kwa jua.

Mfinyanzi_Mstaafu

Hazikupauka. Kauri halisi ile (porcelaini, siyo udongo wa kawaida) inaiva kwenye nyuzi 1,400 hivi, na moto huo hauna huruma. Rangi ukiiweka chini ya utandu wa kioo, nyingi zinaungua au zinatoroka. Zinazobaki ni chache: buluu ya kobalti, kijani cha kromu, na ile waridi inayotokana na dhahabu. Wadenmaki wa Copenhagen walianza kuutumia huo ufinyu wa rangi kama uzuri miaka ya 1880, na Waswidi wakajifunza kwao. Ukiona chombo cha enzi hizo kina rangi kali nyekundu na njano, jua ama imepakwa juu ya utandu na kuchomwa tena kwa moto mdogo, ama siyo kauri hiyo.

Mama_Vyombo

Mimi nauza vyombo Kariakoo, nimeingia kwa ajili ya kichwa cha habari. Kaa na kereng'ende nimewaona. Sahani ya wafanyakazi iko wapi?

Msafiri_wa_Slussen

Inakuja dada, kaa mkao wa kula.

Mwaka 1917 Ulaya ipo vitani. Uswidi haipigani, ila meli za chakula hazifiki. Masika ya mwaka huo watu waliingia barabarani kwa njaa, kina mama mbele, viazi vimeadimika. Na mijini nyumba hazitoshi, familia nzima inaishi chumba kimoja na jiko.

Oktoba ya mwaka huo huo kukafunguliwa maonyesho Stockholm kwenye ukumbi wa Liljevalchs, yaliitwa Maonyesho ya Nyumba. Waandaaji ni Svenska Slöjdföreningen, chama cha kazi za mikono na usanifu kilichokuwepo tangu 1845. Hawakuweka vitu kwenye makabati ya vioo. Walijenga vyumba vidogo vyenye samani kamili, chumba na jiko la mfanyakazi, wakasema: hivi ndivyo mtu wa kipato kidogo anavyoweza kuishi vizuri. Hoja yao ilikuwa kwamba viwanda viajiri wasanii, ili kitu kinachotoka kwa maelfu kiwe kimefikiriwa na mtu mwenye jicho. Miaka miwili baadaye Gregor Paulsson, kinara wao, akaipa hoja hiyo jina lililowakaa Waswidi mdomoni hadi leo: Vackrare vardagsvara, yaani vitu vya kila siku vilivyo vizuri zaidi.

Gustavsberg nao wakamtafuta msanii. Wakampata Wilhelm Kåge, kijana wa miaka 28, na riziki yake ilikuwa kuchora mabango ya matangazo. Udongo hakuujua! Alipofika kiwandani aliukuta ustadi wa Ekberg na wenzake, naye akaambiwa atengeneze seti ya mezani ya bei ya chini kwa ajili ya maonyesho. Akatengeneza Liljeblå, yungiyungi la buluu. Ni udongo mweupe wa kawaida, siyo kauri, una maua ya buluu yaliyopigwa kwa chapa ili gharama ishuke, na maumbo ya mviringo yanayokumbusha vyombo vya wakulima wa zamani. Watu wakaibatiza Arbetarservisen, seti ya wafanyakazi.

Magazeti yakasifu, wasomi wakasifu. Wafanyakazi wakapita, wakaitazama, wakaenda zao. Walioinunua ni walimu, wasanii, watu wa tabaka la kati wenye rafu za vitabu.

Nimeishika mara moja, kwa mzee ninayemhudumia. Sahani ya supu, nzito kidogo, buluu yake imeingia ndani ya weupe kama wino kwenye karatasi mbovu. Nikamuuliza kwao walikuwa wanalia chakula humo? Akasema hapana, hiyo aliinunua mwenyewe mnadani miaka ya 1970, alipokwisha kuwa mwalimu.

Mama_Vyombo

Sasa hapo mmeandika kama fumbo wakati hakuna fumbo. Uliza mtu yeyote anayeuza vyombo.

Mteja wangu mwenye pesa ndiye anayekuja kuniuliza kama nina chungu cha asili, kikombe cha udongo kisicho na rangi, bakuli la kuchongwa. Anayepanga chumba kimoja, siku akipata seti yake ya kwanza, anataka ukingo wa dhahabu na waridi katikati, na anaiweka kabatini mgeni aione. Kile cha kikulima amekiacha kijijini juzi tu, bado kinamnukia moshi. Halafu unakuja wewe msomi na kumuuzia kumbukumbu ya kijiji kwa bei ya mjini! Huyo Kåge angenipigia simu ningemwambia aweke kamstari ka dhahabu, biashara ingeisha wiki moja.

Msafiri_wa_Slussen

Dada, nimesoma maelezo ya makumbusho mawili na hakuna lililonieleza vizuri hivyo.

Mjamaa_Asilia

Naona mnamcheka Kåge bure. Kosa la soko siyo kosa la wazo. Mfanyakazi alifundishwa na tabaka la juu kupenda dhahabu bandia. Kumpa kitu cha heshima kwa bei nafuu ni jambo jema hata akichelewa kulielewa.

Mama_Vyombo

Kaka, mwenzio anachelewa kulielewa lakini hela ni yake.

Msafiri_wa_Slussen

Mjamaa, sikubishii wazo. Ila ngoja nikuongezee la pili, kwa sababu Kåge alirudia. Mwaka 1933 akatoa seti iitwayo Praktika. Safari hii hakukumbuka kijiji hata kidogo. Bakuli zinaingiana, zinapangwa moja juu ya nyingine ili zisile nafasi jikoni, na unanunua kipande kimoja kimoja kadiri ya mfuko wako. Kwa mtu wa chumba kimoja, kwenye karatasi hakuna kilichokosekana. Wakosoaji walifurahi. Madukani ikadoda tena.

Mimi naona sababu ni moja kwa zote mbili. Kwenye kila kikao kilichopanga "mahitaji ya mfanyakazi", mwenye meza yake hakuwepo. Walipima rafu yake, bajeti yake, idadi ya watoto wake. Jumapili yake hawakuipima, ile siku shangazi anakuja na unataka meza isionekane ya shida. Praktika ni vyombo vya Jumatatu.

Pamoja na hayo sina ubaya na Kåge. Aliongoza sanaa ya Gustavsberg hadi 1949, alijifunza udongo kazini, na tabasamu lake lipo kwenye vyombo vyake, ukivizoea unalitambua.

Mjamaa_Asilia

"Vyombo vya Jumatatu". Sawa, hapo umenishika.

Bila_Picha_Ni_Chai

Chai imekolea, ongeza sukari. Huyo jamaa wa mabango alitajirika au vipi, maana kila anachotoa kinadoda?

Msafiri_wa_Slussen

Kilichomtoa mkuu ni kitu kinyume kabisa na sahani za wanyonge.

Mwaka 1930 Stockholm walifanya maonyesho makubwa ufukweni Djurgården. Mkuu wa maonyesho ni Paulsson yule yule, msanifu wa majengo ni Gunnar Asplund. Vyuma, vioo, paa bapa, kuta nyeupe: ndipo Waswidi walipoingia rasmi kwenye usasa wa kujenga bila mapambo. Waliotembelea ni karibu milioni 4, kwenye nchi ya watu milioni 6 na ushee. Sasa katikati ya hubiri hilo la "mapambo basi", Kåge anaweka mezani Argenta: vyombo vya udongo mgumu vya kijani chenye madoa, kama shaba iliyoota kutu, na juu yake michoro ya fedha halisi. Samaki, nguva, majoka, wanawake uchi wanaelea. Anasa tupu. Na ndiyo iliyouzwa, miaka na miaka, mpaka leo kila mnada wa maana huku una bakuli la Argenta.

Na hapa niungame. Mwaka jana familia ya marehemu bibi mmoja walinipa kisahani cha Argenta, kidogo, cha kuwekea pete, samaki mmoja katikati. Samaki alikuwa mweusi. Mimi nimelelewa na mama ambaye sufuria lisipong'aa hulali. Nikachukua stilwaya na sabuni ya unga, nikasugua kama natoa ukoko wa ugali.

Weusi ulitoka. Mkia nao ukatoka. Ile fedha ni utando tu, na weusi wake ni ule wa fedha yoyote ikikaa hewani, ungetoka kwa kitambaa laini na uvumilivu. Juu ya kijani nikaacha mikwaruzo ya kijivu, inaonekana hata gizani. Kisahani kipo hapa mezani, samaki ana kichwa na mapezi, nyuma hana kitu.

Mfinyanzi_Mstaafu

Pole sana. Utandu ule wa kijani hauna mng'ao, uso wake una vinyweleo, chuma kinaacha masizi yake humo kama penseli kwenye ukuta wa chokaa. Usijaribu kukitengeneza.

Nami niwatahadharishe wengine kwa kuwa nawaona mtaanza kununua: vyombo vya zamani vya udongo laini, utandu wake mara nyingi ulichanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tazama, pangusa, weka maua. Usimpe mtoto maji ya ndimu humo.

Bila_Picha_Ni_Chai

😂😂 Samaki asiye na mkia. Hii siyo chai, naamini. Mtu hawezi kujitungia aibu namna hiyo.

Nipo_Göteborg

Mkuu, mimi nipo huku pwani ya magharibi, nimefuatilia kimya kimya. Usiwasahau wengine, maana watu watadhani Uswidi yote ni Kåge. Edward Hald alisoma uchoraji Paris kwa mchoraji Mfaransa Matisse, akarudi akachorea Rörstrand kuanzia 1917, ingawa wengi wanamjua kwa vyombo vya kioo vya kiwanda cha Orrefors. Arthur Percy naye alipita kwa Matisse, kisha toka 1923 hadi 1959 akawa msanii wa kiwanda cha Gävle, ambacho chapa yake inaandikwa Gefle. Vyombo vya Percy vinanikosha kuliko vyote: umbo la heshima, la mzee aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi, halafu ua moja la utani. Na bei yake bado ni ya binadamu.

Rörstrand yenyewe iliondoka Stockholm mwaka 1926 ikaja huku Göteborg, baadaye Lidköping. Huko Lidköping tanuri zilizimwa 2005. Jina bado lipo madukani, vyombo vinatengenezwa nje.

Msafiri_wa_Slussen

Asante mkuu, Percy nilimweka kiporo nikamsahau. Gustavsberg nao mwaka 1937 walinunuliwa na Kooperativa Förbundet, muungano wa vyama vya ushirika. Yaani hatimaye wafanyakazi wakawa na hisa kwenye kiwanda cha sahani walizokuwa wamezikataa. Mwaka huo huo aliajiriwa kijana anaitwa Stig Lindberg, na huyo anataka uzi wake mwenyewe.

Kahawa_ya_Bukoba

Wakuu nimechelewa. Nyumbani kwa bibi huku Kagera kuna sahani na kikombe aliachiwa na nesi wa Kiswidi wa misheni, zamani sana, kabla mama hajazaliwa. Rangi ya maziwa, ukingo wa kijani. Je, naweza kuwa nimelalia hela? Naona mnataja bei za minada hapo nasisimka.

Msafiri_wa_Slussen

Geuza kitako mkuu. Kuna nanga, chapa ya Gustavsberg, au taji tatu za Rörstrand?

Kahawa_ya_Bukoba

Hakuna nanga. Naona maandishi yamefutika, naona K-O-C-K halafu kama U. Na pembeni kuna mahali palipobanduka, ndani peusi kama chuma.

Mfinyanzi_Mstaafu

Ndani peusi? Gonga kwa kucha, utusimulie sauti.

Kahawa_ya_Bukoba

Inalia ting, kama bakuli la bati.

Msafiri_wa_Slussen

Ni bati mkuu, limepakwa enameli. Kockums, kiwanda cha kusini kule. Rangi ya maziwa na ukingo wa kijani, jiko la kila Mswidi mwenye umri wa wazee wangu lilikuwa nacho. Wazee ninaowahudumia nikiwaonyesha picha ya Liljeblå wanasema nzuri, nikiwaonyesha picha ya hicho kikombe wananiambia kilikaa msumari gani, upande gani wa mlango.

Mama_Vyombo

Haya, sahani ya wafanyakazi imepatikana. Ipo Kagera.

Kahawa_ya_Bukoba

Nimemuuliza bibi kama anauza. Amesema kikombe ndicho anachopimia maharage, nikishamaliza kukipiga picha nikirudishe ndoo iko wazi kuku wanaingia.